Nadhiri ya Bi Mkubwa

Wanaume wa kijiji chetu wakikaa langoni husimulia vita. Fulani aliua simba kwa fimbo, fulani alikimbiza Wafilisti peke yake mpaka wakaacha ngao zao njiani. Haya, hongereni. Mimi Tirza, mke wa mfinyanzi, jambo kubwa kuliko yote niliyopata kuyaona nililiona juu ya dari ya jirani yangu, yaani juu ya paa bapa la nyumba yake, asubuhi ya baridi, na hakukuwa na upanga hata mmoja. Mpaka leo nikilisimulia mwili unanisisimka. Tazameni mkono wangu, vinyweleo vimesimama.

Jirani yangu Shobali alikuwa na wake wawili. Bi mkubwa aliitwa Azuba, mrefu, mkavu, mchapakazi, ameolewa miaka mingi na hajapata mtoto. Bi mdogo, Naara, aliletwa ili azae, naye akakaa, akakaa, kimya. Katikati yao alikuwepo mavyaa yao, Bibi Hogla, ambaye macho yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu lakini masikio mazima, na ulimi mzima zaidi.

Wale wanawake waligombana jamani! Waligombania maji, waligombania jiwe la kusagia, waligombania kuku ametaga upande wa nani. Na kila ugomvi ulimalizikia kwenye kiapo. Sasa, kwetu mwanamke akiweka nadhiri, mumewe akiisikia ana ruhusa ya kuitangua siku hiyohiyo, na Mungu anamwachilia yule mwanamke. Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya pili ya Shobali baada ya kulima.

"Kama Bwana aishivyo," Azuba atapiga kelele, "simsagii tena huyu unga wake!"

Na Shobali, mdomo umejaa dengu: "Nimesikia, nimetangua. Nipe chumvi."

"Na mimi naapa nitanyoa nywele zote, nitembee kipara, aone haya yeye aliyenifikisha huko!" Naara naye atajibu.

"Nimesikia, nimetangua. Nywele zenyewe nazipenda."

Sisi majirani tulikuwa tunasikiliza huku tumeshika mbavu. Mume wangu alikuwa akisema Shobali akifa, mbinguni watampa kiti cha hakimu. Tulicheka na hilo pia, Mungu atusamehe.

Akafa kweli. Ilikuwa wakati wa kuvuna shayiri, jua kali. Alijilaza kando ya miganda apumzike kidogo, na alipoitwa kula hakuamka. Tukamzika jioni ileile, na ile nyumba iliyokuwa na kelele kuliko zote ikawa kimya mpaka mbwa wetu wakawa wanapita pale wananusa mlango.

Kimya hakikudumu. Siku moja, matanga bado hayajaisha, tupo uani kwao tunaoka mikate kwenye tanuri tunalotumia pamoja, Azuba akatoka ndani ameshika joho la marehemu. Lilikuwa linachuruzika maji.

"Nani amefua hili?"

"Mimi," Naara akajibu. "Lilikuwa chafu. Nimeona nilifue tulitunze."

Hakuwa na nia mbaya yule mtoto wa watu. Asingeweza kujua kwamba kila usiku bi mkubwa alikuwa akijifunika lile joho usoni, kwa sababu ndilo lilikuwa bado lina harufu ya mumewe, jasho lake na moshi wake. Mimi nilijua. Nikafumba macho, maana nilijua nini kinakuja.

"Umemfua!" Azuba akasema. "Kilichobaki kwangu kidogo hivi, nacho umekifua! Kama Bwana aishivyo, mimi na wewe hatutakaa tena chini ya dari moja mpaka niingie kaburini!"

Halafu tukangoja.

Naapa, sote tulingoja. Mkono wangu na unga wake ulibaki hewani. Naara aligeuza macho yake kutazama mlangoni, kwa mazoea tu, kule alikokuwa akikaa Shobali na bakuli lake. Azuba naye akatazama hukohuko. Hakuna aliyesema nimesikia, hakuna aliyesema nimetangua. Bibi Hogla, pale kwenye ngozi yake, akaanza kulia polepole, na hapo ndipo tulipoelewa wote kwa pamoja.

Maana mjane akiapa, ameapa. Hana baba juu yake, hana mume juu yake. Neno lake linakwenda moja kwa moja mbele za Mungu, na hakuna mtu wa kulirudisha. Ulimi hauna mfupa, na maji yakimwagika hayazoleki.

Azuba alikunja mkeka wake palepale, akapanda ngazi akaenda kukaa darini. Chini ya dari hakuingia tena. Watu wakaona si kitu: ni kiangazi, nani asiyelala darini wakati wa kiangazi? Vijana wakamtania wakipita barabarani, "Bi mkubwa, huko juu nyota zinauzwaje?" Naye akawajibu, "Njoo uulize bei nikuangushe." Lakini mimi nililala dari iliyopakana na yake, na nilimsikia usiku akilia.

Tini zilipoanza kuiva ndipo tumbo la Naara likaonekana.

Hapo ndipo akaja Yamini. Huyu alikuwa baba mdogo wa Shobali, mtu wa ndevu nzuri na roho ya kupima. Shobali hakuwa na ndugu, hivyo akifa bila mtoto, shamba na nyumba vinakwenda kwa baba mdogo, na wajane wajijue. Alikuwa amekwisha kuanza kupitapita mle shambani akipiga mawe ya ukuta kwa fimbo, kama anayejaribu chungu sokoni. Kusikia habari za tumbo akaenda langoni kwa wazee.

"Miaka yote hakuna kitu," akasema, "leo mtu amelala kaburini ndiyo tumbo limechipuka? Hilo ni tumbo au ni matambara? Na kama ni tumbo, ni la nani? Msinitie mtoto wa kuokota katika urithi wa baba yangu."

Mzee Elidadi, mkubwa wa wazee wa lango, akafikiri sana. Kisha akaamua. Naara asitoke katika nyumba ya mumewe mpaka ajifungue. Na mtoto atakapokuja apokewe na shahidi ambaye hana sababu ya kumpendelea. "Nani katika kijiji hiki hampendi Naara?" akauliza, na watu wote, hata bila kutaka, wakacheka. "Basi. Azuba ampokee kwa mikono yake. Mwenza hamdanganyii mwenza. Akisema ndiyo, ni ndiyo."

Yamini akatabasamu. Mzee wa watu alisahau, lakini yeye hakusahau: Azuba hawezi kuingia chini ya dari aliko Naara. Aliporudi nyumbani alikuwa anapiga mluzi.

Tukamwambia Azuba avunje kiapo, apeleke sadaka kwa kuhani, yaishe. Kuhani mwenyewe akajibu kwamba nadhiri ya mjane haina sadaka ya kuivunja. Azuba akasema tu, "Nimeitamka mbele za Mungu nikiwa na akili zangu. Nikiivunja, itamwangukia nani? Itamwangukia aliye mdogo kuliko wote mle ndani." Hilo alikuwa analiogopa kuliko kifo.

Halafu akaja kaka yake kutoka Hebroni, amevuta punda mwenye tandiko jipya. Alikaa nasi uani, akapaza sauti ili dada yake amsikie huko juu.

"Dada, shuka twende. Nimekupatia mtu mwema. Amefiwa na mke, ana shamba la mizabibu, ana watoto watatu wadogo wanaolia mama. Wanakungoja wewe."

Watoto watatu. Nilimwona Azuba akishika ukingo wa dari. Mwanamke yule alikuwa akibeba watoto wetu wote wa mtaani, akiwapangusa pua, akiwarudisha jioni kwa kuchelewesha makusudi. Naara akatoka mlangoni na tumbo lake akamwambia, "Nenda, bi mkubwa. Sisi tutajua la kufanya." Na alisema kwa dhati, nilimwona uso.

Azuba akamwambia kaka yake, "Mpe huyo mtu salamu zangu. Mwambie atafute mwingine, hao watoto wasikae sana bila mama." Akampa tini kavu za njiani, na punda akarudi na tandiko lake tupu.

Nilimkasirikia, nisiseme uongo. Mvua za kwanza zilipoanza nilimpigia kelele kutoka kwangu. "Azuba! Njoo ulale kwangu, utakufa wewe!"

"Kwako kuna mume anakoroma."

"Heri kukoromewa kuliko kuzikwa!"

"Na Yamini akiapisha watu kwamba wameona mwanamume anatoka mlango huu, nani atamkanusha? Hapa juu hapiti hata paka bila mimi kumwona."

"Kwani wewe unampenda huyo Naara?"

"Nani kasema nampenda? Hata anavyotafuna ananikera." Akasogea karibu na ukingo. "Sikiliza, Tirza. Ile siku kabla ya mavuno, zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa na hasira zangu, nikamfukuza mume wetu. Nikamwambia, nenda kwa kijana wako. Akaenda. Mtoto yule ni wa Shobali, na hakuna anayejua kuliko mimi niliyemsukuma mlangoni." Mvua ikazidi, akarudi chini ya kibanda chake cha matawi na ngozi.

Jamani, nimeona wapiganaji, nimeona manabii wakipita. Sijaona mtu kama yule. Mchana alilima shamba la Shobali peke yake, akapanda, ili watu wa humo ndani wale. Jioni alikaa darini na upepo wa milimani unakata kama kisu. Alikohoa. Akakonda mpaka mashavu yakaingia ndani. Na Naara kila jioni alipasha mawe motoni, akayafunga matambara, akapanda ngazi na tumbo lile, akayaweka juu kabisa pamoja na bakuli la mchuzi, akashuka. Hawakusemezana. Bibi Hogla alikuwa akiniambia, "Hawa wawili walipokuwa wanatukanana nilikuwa nalala vizuri. Sasa kimya chao kinanitoa machozi." Na mimi ilikuwa hivyohivyo. Nilipita pale nikitembea polepole, kama mtu anayepita hekaluni.

Siku ikafika. Usiku theluji ilikuwa imeanguka, nyembamba, na asubuhi jua likatoka. Naara akashikwa na uchungu. Niliitwa mimi, nikaingia, nikamweka karibu na moto, Bibi Hogla amemshika mgongo. Azuba alikuwa uani, amesimama kwenye theluji, hatua moja kutoka kizingitini.

Haikupita muda tukasikia sauti barabarani. Yamini, amekuja na Mzee Elidadi na nusu ya wanaume wa lango.

"Shahidi yuko wapi?" Yamini akauliza. "Nje? Basi hakuna shahidi. Mtu wa uani anaona nini ndani ya moshi? Mzee, uliamuru apokee kwa mikono yake. Mimi sisemi neno, nashika maneno yako tu."

Mzee Elidadi akahema mpaka nikamsikia mle ndani.

Ndipo Azuba akaongea pale mlangoni, kwa sauti ndogo. "Naingia. Laana iniangukie mimi, nitamwomba Mungu isimguse mtoto." Nikaona mguu wake ukiinuka.

"Usithubutu!"

Sijui Naara alitoa wapi ile sauti, mwanamke aliyekuwa anauma kitambaa. "Ukivuka hicho kizingiti nitakusukuma nje kwa mikono yangu! Umenyeshewa mpaka umekuwa mifupa kwa ajili ya neno lako, halafu leo ulivunje mlangoni kwangu? Simama hapohapo, bi mkubwa!" Kisha akanishika mkono, kucha zikaingia. "Dada Tirza, ninyanyue."

"Twende uani basi," nikasema. "Hakuna dari uani."

"Uani kuna kuta. Atasema tumemwingiza mtoto kupitia zizini. Nipeleke juu."

"Juu wapi?"

"Darini. Kila mtu aone."

Nikadhani uchungu umempanda kichwani. Mwanamke wa kwetu anajifungulia gizani, mlango umefungwa, na hata mumewe hasikii vizuri. Huyu alikuwa msichana wa haya, anayejifunika akicheka. Lakini alikuwa amekwisha kusimama. Nikamwambia Bibi Hogla, naye yule bibi asiyeona akasema, "Kama miguu yake inataka, mpelekeni. Na mimi nishikeni, siachwi chini."

Ile ngazi, Mungu wangu. Mimi nyuma nikimsukuma, Azuba ametangulia juu akimvuta mikono. Uchungu ulipokuja tulisimama tukamshikilia, akiuma bega langu; ulipopita, tukapanda tena, na Bibi Hogla nyuma yangu ameshika upindo wa nguo yangu. Alipofika juu jua lilimpiga usoni, na theluji ikimeta kila upande, na kijiji kizima kilikuwa kimemwona.

Hapo wanawake wakaelewa. Hakuna aliyetuma mtu, hakuna aliyeamuru. Dari zote zinazotuzunguka zikajaa. Walioweza kuvuka wakavuka kwetu, wakavua majoho yao katika baridi ile na kuyashika juu, kitambaa kwa kitambaa, kama ukuta, ili wanaume wasione. Na wa kwanza kushika joho alikuwa Helea, mke wa Yamini mwenyewe. Chini barabarani Mzee Elidadi akasema, "Geukeni," na wanaume wote wakageuka wakaupa ule ukuta wa majoho mgongo.

Azuba alipiga magoti, ametanguliza mikono yake miwili, tayari kupokea, maana ndivyo alivyoagizwa. Naara akatikisa kichwa.

"Si mikono. Kaa chini. Nipe magoti yako."

Mababu zetu walikuwa na desturi: mtoto akizaliwa juu ya magoti ya mwanamke mwingine, mwanamke huyo naye ni mama yake. Ataitwa mama, atalishwa uzeeni kama mama, atazikwa na mwanawe kama mama. Lakini hayo zamani walifanyiwa mabibi na wajakazi wao, na mjakazi anaamriwa. Mimi sijasikia, wala bibi yangu hakusikia, mtu aliyelitoa jambo hilo kwa hiari yake. Tena kwa mke mwenza! Mtoto wa pekee, wa marehemu, wa kwanza na wa mwisho!

"Naara," Azuba akasema, "ni uchungu huo unaongea. Kesho utajuta."

"Ulimfukuza aje kwangu," Naara akasema. Kumbe alijua. Shobali alimwambia. "Zamu ilikuwa yako. Kaa upesi, bi mkubwa, mtoto hatungoji!"

Azuba akaketi kwenye theluji. Naara akaegemea magoti yake, mikono imemshika shingo, paji kwa paji, wale wawili waliokuwa hawawezi kuchangia jiwe la kusagia. Nilikuwa chini yao nikifanya kazi yangu. Nilihisi kuna mwingine amesimama pale pamoja nasi, na sikuthubutu kuinua macho.

Mtoto akaja. Mvulana, mwekundu, anafuka mvuke kwenye ubaridi ule. Aliangukia magotini pa Azuba na kupiga kelele ambayo mbwa wote wa kijiji waliijibu.

"Nimeona mimi!" Helea akampigia kelele mumewe huko chini. "Yamini! Nimeona kwa macho yangu, na ana masikio ya Shobali yaleyale, kwa hiyo usifungue mdomo wako mpaka mwakani!"

"Sijakuuliza wewe," Mzee Elidadi akasema, mgongo bado ameugeuza. "Namuuliza shahidi. Azuba, mtoto ni wa nani?"

"Wa Shobali," Azuba akasema. "Ametoka tumboni mwa Naara, mchana kweupe. Nimempokea mimi."

"Umempokea wapi?"

Azuba alikuwa anamtazama yule mtoto aliyelala juu ya miguu yake.

"Magotini," Naara akajibu kwa niaba yake.

Mzee Elidadi alikuwa mtu wa sheria, alijua neno lile lina uzito gani, na safari hii aliuliza kwa sauti ya chini.

"Basi niambieni ili wazee wasikie. Mama yake ni nani?"

Azuba akainua uso. Mwanamke aliyeitwa tasa kwenye kisima, kwenye tanuri, kwenye arusi za watu. Akamtazama Naara, na Naara akaitikia kwa kichwa.

"Ni sisi," akasema.

Nilichungulia juu ya joho la Helea. Mzee Elidadi hakugeuka, alikuwa bado anatazama ukuta wa ng'ambo ya barabara. Lakini niliona ameinama, na polepole, kwa mikono ya kizee, anafungua kamba za viatu vyake. Akavivua akasimama miguu mitupu kwenye theluji na tope, kama mtu aliyejua amefika mahali patakatifu. Aliyekuwa kando yake akavua. Na wa pili, na wengine, mtaa mzima.

Yamini alibaki amevaa vyake. Helea akainama ukingoni mwa dari, joho bado ameliinua kwa mikono yote miwili, akamwambia mumewe taratibu, "Na wewe, vua."

Akavua.